Bunduki Niliyoivika Kitenge

Kwanza ondoeni vikombe vya chai juu ya meza. Najua vipo. Nimestaafu, sijafa, na sihitaji macho matatu kujua kwamba fundi kijana anapenda kuweka chai karibu na gia boksi iliyofunguliwa. Chai ikimwagikia ndani ya silinda, mteja atarudi wiki ijayo kulalamika kwamba bunduki yake inanuka tangawizi, na atakuwa na haki.

Ninyi watatu mliorithi meza zangu, mmoja Louisville, mmoja Columbus na mmoja hapa Buffalo, mmeniomba niandike jinsi ya kuunda bunduki ya mchezo isiyomwaibisha mwenyewe uwanjani. Nimekubali. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea kambini kule Kigoma, na kwa sababu nikiandika kwa Kiingereza mtaanza kunisahihisha. Vyeo sitavitaja. Nilipewa viwili, na kimoja kilikuwa kosa la karani. Mshahara muulizeni mume wangu Zakaria, yeye ndiye aliyekuwa akiuona.

Huenda karatasi hizi zikaokotwa na mtu asiyejua habari zetu, basi nimweleze. Bunduki tunazozisema hapa hazina baruti. Ndani yake mna mota ndogo, gia tatu, pistoni na springi, na nyuma kuna betri. Ukivuta kifyatulio, mota inazungusha gia, gia zinairudisha pistoni nyuma, kisha springi inaisukuma mbele kwa nguvu na hewa inarusha kidonge cha plastiki chenye ukubwa wa punje ya njegere. Watu wazima, wenye kazi na watoto wao, huingia msituni Jumamosi asubuhi wakapigana kwa vidonge hivyo. Aliyepigwa hupaza sauti yeye mwenyewe kwamba amepigwa, akainua mkono, akatoka kwenda kunywa soda. Mimi niliyekimbia vita mara mbili nilichukua muda mrefu kuelewa vita ambavyo maiti hujitangaza kisha akaenda kununua soda.

Tulifikia Louisville, tukapanga nyumba kwenye kitongoji cha Shively. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ghala la vifaa vya michezo, upande wa bidhaa zilizorudishwa na wateja. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: fungua boksi, tazama kilichomo, kiweke kwenye rafu yake. Nilifungua raketi, nikafungua viatu vya kuteleza, nikafungua hema lililorudishwa likiwa bado na mchanga wa watu. Halafu nikafungua boksi refu, bunduki ikanitazama, na mimi nikawa chini ya meza. Sikuamua kwenda huko. Miguu iliamua yenyewe, kama ilivyozoea.

Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kimarekani aitwaye Gus, ambaye kabla ya hapo alitengeneza mashine za kufulia nguo maisha yake yote. Aliponiona chini akadhani nimeangusha skrubu. Mzee wa watu, magoti yake mabovu, akashuka sakafuni kunisaidia kuitafuta. Kiingereza changu wakati ule kilitosha kusalimia na kuomba msamaha, basi nikaomba msamaha, naye akazidi kutafuta. Tukatambaa wote wawili chini ya ile meza, na Mungu ni mwema, tukaipata skrubu kweli. Ilikuwa ndogo na nyeusi, na hakuna aliyejua imetoka wapi. Gus akaiinua kwenye mwanga, akanitazama, akasema mtu mwenye macho kama haya hafai kufungua maboksi. Kesho yake akanihamishia kwenye meza ya matengenezo. Ndivyo nilivyoingia katika fani hii, kwa sifa ambayo haikuwa yangu.

Jioni ile nilimwambia Zakaria nimepata kazi ya kutengeneza bunduki. Aliacha kutafuna.

"Umetoka Burundi hadi Tanzania, umetoka Tanzania hadi Marekani," alisema, "ili uje kuzitengeneza?"

"Ni za mchezo."

"Basi na mshahara usiwe wa mchezo," akasema, akaendelea kula. Zakaria ni mtu wa kuelewa mambo haraka.

Gus alinifundisha kusikiliza kabla ya kushika bisibisi. Aliweka bunduki sikioni kama mtu anayepokea simu, akavuta kifyatulio mara moja, halafu akaniambia ugonjwa wake. Gia zikilia kwa sauti nyembamba ya kulalamika, hazijakaa sawasawa. Hapo unafungua gia boksi, unatoa springi kwanza ili isikurukie usoni, kisha unapanga washa zile nyembamba, vipete vya chuma, juu na chini ya kila gia mpaka gia izunguke kwa pumzi yako tu, bila kuyumba wala kugusa jirani yake. Anzeni na gia inayokutana na mota, kisha nyingine zifuate. Watu wengi huanza na ile wanayoiona kwanza, halafu hushangaa. Washa hizo ukipiga chafya unazikuta sebuleni kwa jirani, kwa hiyo nunueni trei ya mayai, kila tundu liwe na skrubu zake na washa zake. Trei yangu ya kwanza ilitoka jikoni kwangu Shively, na kwa wiki nzima Zakaria aliyakuta mayai kwenye bakuli akadhani kuna kuku ametaga humo.

Baada ya gia, hewa. Ziba nozeli, kile kimdomo cha kutolea hewa, kwa kidole, sukuma pistoni. Ikigoma, hewa haivuji. Ikiteleza, tafuta ni oringi ipi, zile pete za mpira, imechoka. Bunduki inayovuja hewa ni kama mwanakwaya asiyekuja mazoezini: Jumapili atafungua mdomo, lakini hutajua kitakachotoka.

Na la tatu, ambalo mtanichukia kwa ajili yake, msiweke springi kubwa. Kila mteja atakuja amevimba kifua akitaka springi kubwa. Atakuambia amemwona mtu kwenye video. Mwambieni yule wa kwenye video hatakuja kutengeneza gia zitakapokatika meno. Springi kubwa inavunja pistoni, inachosha mota, inamuumiza aliyepigwa, na haimpigi yule aliyekoswa. Bunduki ya kuaminika ni ile inayorusha kidonge cha kwanza na cha mia kwa mwendo uleule. Gus alikuwa akiwasikiliza wateja hawa kwa heshima, akiandika kila kitu, kisha anasafisha mtutu wa ndani kwa kitambaa, anairudishia springi ileile, na wateja wanamshukuru kwa nguvu mpya. Baadaye alihamia Florida pamoja na mashua ambayo injini yake hadi leo haijawaka.

Tulihamia Columbus kwa sababu dada yake Zakaria alikuwa Reynoldsburg, kando ya mji huo, na alikuwa akilia kwenye simu kila Jumapili. Tulipofika akaacha kulia, akaanza kutupangia maisha. Nikapata kazi kwenye duka lililokuwa na uwanja wake wa michezo, msitu kidogo nyuma ya barabara kuu. Wateja walitoka kila upande, hata wanafunzi wa Kiafrika waliopanga karibu na chuo kikuu, wenye shahada mbili na oringi zisizokaa. Lakini kesi ngumu kuliko zote iliyowahi kunifikia mezani ilitoka kanisani kwetu.

Shemasi Eliya ni Mrundi mwenzetu wa kambi moja, mtu mwenye sauti nzuri na maneno mengi, ambaye hajawahi kukutana na ukimya akauacha salama. Alikuwa ameunda timu ya wanaume wa kanisa. Wakavaa fulana za rangi moja, wakaomba kabla ya mechi, wakaingia uwanjani, wakapigwa. Wakapigwa tena Jumamosi iliyofuata. Jumamosi ya tatu waliniletea bunduki zote ndani ya gunia la mchele, Eliya mbele yao kama kiongozi wa msafara wa mazishi.

"Mama Neema, hizi bunduki zina pepo," alisema.

"Pepo gani?"

"Kidonge kinatoka, kinaanguka hapa." Akaonyesha miguuni pake.

Nikafungua ya kwanza. Nikafungua ya pili. Zote zilikuwa zinang'aa ndani. Kwenye mdomo wa mtutu wa ndani kuna kampira kadogo kanakokikwaruza kidonge kwa juu kinapopita, kikajizungusha na kuelea mbali. Kampira hako kanapaswa kuwa kakavu. Haka kalikuwa kamepakwa mafuta mazito na kamevimba mpaka kamepoteza umbo.

"Nani amepaka vaselini humu?"

Eliya alishangaa swali lenyewe. "Sote. Si ni baridi? Mpira ulikuwa unapauka."

Ndugu zangu, sisi ni watu ambao mtoto hawezi kutoka nyumbani bila kung'aa. Tunapaka vaselini uso, viwiko, viatu, na sasa tumefika ndani ya mitutu. Sikuweza hata kuwakaripia. Niliwabadilishia mipira yote, nikakausha mitutu, nikawapimia kila bunduki kwenye kipima kasi mbele ya macho yao, ikapiga kopo lilelile mara baada ya mara. Wakaondoka wakiimba. Jumamosi wakapigwa.

Sasa hapo suala likawa langu. Bunduki zimetoka mkononi mwangu zikiwa nzima, wenyewe wanashindwa, na kule dukani meneja anaanza kuniangalia kwa upande. Nikavaa miwani ya kinga, nikaenda uwanjani kutazama kwa macho yangu. Nikasimama nyuma ya wavu na uji wangu kwenye chupa.

Filimbi ikalia. Eliya akapita kichakani kwa unyenyekevu wa ajabu, akanyata, akazunguka, akamkuta adui kwa nyuma kabisa, mgongo wote wazi. Adui mwenyewe alikuwa Mmarekani mwenye mvi, mtu wa umri wa baba yake. Eliya akainua bunduki. Kisha akaishusha, akakohoa kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

Mzee akageuka akampiga kifuani.

Nikatazama kwingine. Mwingine wetu alikuwa amempata mtu nyuma ya gogo, naye anamuuliza habari za asubuhi na kusubiri jibu. Wa tatu alikutana na adui mwenye umri wake, lakini adui alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, na huwezi kumpiga mtu ambaye hajamaliza. Walitoka mmoja mmoja, mikono juu, wameridhika na adabu zao.

Niliwaita nikawaweka kikao kwenye maegesho. "Salamu ni baada ya mchezo," niliwaambia.

"Mama Neema," akasema Eliya, "mtu mzima umjie kwa nyuma, umpige bila hodi? Watoto wangu wako hapo wananiangalia."

Tulipatana kwamba watasalimia wazee wote kabla ya filimbi, mmoja mmoja, kwa mkono, ili deni la adabu liishe mapema. Mwamuzi alidhani ni mbinu ya kuwatisha wapinzani. Msimu ule walishinda mechi moja, na kesho yake kanisani tuliimba pambio za ziada. Meneja akaacha kuniangalia kwa upande.

Buffalo tulikuja kumfuata Neema, binti yetu, aliyepata kazi ya kutunza wazee. Hapa duka nililofanyia kazi na uwanja wake viko ndani ya kiwanda cha zamani, paa kubwa, hakuna joto, na baridi inaingia kama mtu mwenye funguo. Fundi wa Buffalo ajue jambo moja: betri inachukia baridi kuliko sisi. Betri uliyoijaza nyumbani ikikaa saa moja kwenye begi ndani ya gari inakufa moyo, na bunduki nzuri inaanza kukohoa. Iwekeni karibu na mwili mpaka dakika ya mwisho. Mimi nilikuwa na mahali pangu pa kuiweka, na sitapataja zaidi ya hapo, ila mtalazimika kupasikia mbele.

Hapa ndipo Neema alipomleta Jospin, kijana wa Kikongo, mpole, anayefanya kazi kiwandani na kucheza gitaa kanisani. Nilimpenda siku ileile kwa sababu alikula sahani mbili bila kuombwa. Mama yake alikwisha kufariki. Baba yake, Mzee Byamungu, alitoka Bukavu, mtu mrefu mwenye koti la sufi na fimbo ambayo haikuwa ya kutembelea, ilikuwa ya kusisitizia. Familia zikapanga kikao cha kujuana. Sisi tukamwita Shemasi Eliya kutoka Columbus awe msemaji wetu, kwa sababu katika mambo ya ukwe unahitaji mtu ambaye maneno hayamwishii. Akaja na suti na sauti.

Eliya hakupata nafasi. Tulikuwa bado kwenye soda pale sebuleni Mzee Byamungu alipogonga fimbo sakafuni, akaanza kwa Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani.

"Bon. Baba Neema, Mama Neema, minabaheshimia sana. Binti yenu iko muzuri, anaomba Mungu, ana adabu. Donc shida haiko kwake. Lakini balinambia asema mama yake iko natengeneza bunduki. Njo kweli?"

"Ni za mchezo, Baba Jospin," nikasema.

"Bunduki haina mchezo." Hakupaza sauti. "Miye nilizika batu, mama. Nilizika bibi yangu. Siwezi kukula ku meza ya muntu mwenye anatengeneza ile kitu. Munisamehe. Minakatala."

Akasimama, akavaa kofia yake, akatoka. Jospin akabaki katikati ya sebule, hajui amfuate baba au abaki na mchumba. Neema alilia kwa Kiingereza, kama wanavyolia watoto wetu. "Mom, just quit! Please, just quit!" Nikamwambia siwezi kuacha kazi sasa, nimebakiza miezi michache tu nistaafu. Akasema mzee yule hahesabu miezi.

Niseme ukweli wa moyo wangu. Kwanza nilikasirika, kwa sababu nilijua nilichokuwa nikitengeneza na sijaua hata inzi. Halafu nikaogopa. Mtu aliyezika mkewe hushindani naye kwa maneno, hata ukimleta Eliya. Na binti yangu alikuwa ameacha kula. Usiku nilimsikia Zakaria akigeuka kitandani, mtu ambaye kwa kawaida hulala kama mzigo uliofikishwa.

Jospin ndiye aliyerudi na habari kwamba mzee amekubali jambo moja. Atakuja kazini kwangu Jumamosi, aone kwa macho yake. Baada ya hapo ama kuna harusi ama hakuna, na asiulizwe tena.

Basi nikaanza kuunda. Sikilizeni hapa, maana hii ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya. Nilichukua gia boksi mpya kabisa nikaisafisha grisi yote ya kiwandani, kwa sababu ile huwekwa na mtu anayewaza chakula cha mchana. Nikapanga washa, nikafunga, nikazungusha, nikafungua tena kwa sababu gia ya katikati ilinong'ona. Nikachagua springi laini kuliko zote dukani, ile tunayowawekea watoto wa sherehe za kuzaliwa. Oringi mpya, tone moja la mafuta ya silikoni na kidole kupangusa lililozidi. Nikakata jino la pili kutoka nyuma kwenye pistoni ili gia isiligonge la kwanza vibaya. Mtutu wa ndani niliusugua mpaka nikaona dari ndani yake. Kisha nikafanya kile ambacho hakuna video iliyowahi kukionyesha: nikachukua kipande cha kitenge nilichokuwa nimeshanunua kwa sare ya harusi, cha njano chenye ndege, nikakishonea kitako na mkono wote wa mbele, pindo ndani, mshono usioonekana. Ncha ya mtutu nikaiacha na rangi yake ya machungwa, maana hiyo ni sheria na pia iliendana na ndege.

Zakaria aliitazama kwa muda. "Imependeza kuliko bibi harusi," akasema. "Usimwambie."

Niliijaribu wiki nzima. Kidonge baada ya kidonge, mwendo uleule. Haikutema viwili, haikukwama. Nilikuwa nikivirusha kwenye mto, kwenye boksi, na mara moja kwenye paja la Zakaria aliyekuwa akisoma, ambaye aliuliza kama kuna mtu ameangusha kitu.

Jumamosi wakaja wamevaa rasmi, familia zote mbili na wazee wao, kana kwamba ni posa. Uwanjani lazima kila mtu avae miwani ya kinga, hakuna ubishi, basi mngeona suti na miwani mikubwa ya plastiki, na dada yake Zakaria aliyesafiri na Eliya akiwa ameivaa juu ya kilemba kwa sababu haikuingia chini. Mzee Byamungu aliivaa bila neno. Alisimama mbali na meza yangu. Aliishika fimbo yake kwa mikono miwili, na nilipoiona ile fimbo hasira yangu yote ilikwisha.

Nikaiweka bunduki mezani, kitenge juu. Aliitazama sana.

"Fungula," akasema.

"Nifungue wapi, baba?"

"Yote. Minataka kuona mu tumbo yake."

Nikafungua. Nikatoa mtutu, nikatoa mota, nikapasua gia boksi, nikapanga kila kitu kwenye trei ya mayai. Akasogea hatua moja. Akasogea nyingine. Akanyoosha kidole bila kugusa.

"Hii njo nini?"

"Springi."

"Kama ya kitanda."

"Ndogo kuliko ya kitanda, baba."

Akaichukua, akaibonyeza kwa vidole viwili, ikabonyea. Akairudisha kwenye tundu lake, tundu sahihi, jambo ambalo baadhi yenu mnashindwa. "Bon. Funga. Nitapigwa nayo."

Nikamwambia haiwezekani. Akasema ikimuumiza harusi hakuna, isipomuumiza wataongea. Nikafunga skrubu zile moja moja.

Sasa nani ampige? Mimi siwezi, ni mkwe wangu, hata jina lake la utotoni silitamki. Zakaria hawezi, kwa sababu hiyohiyo. Jospin hawezi kumpiga baba yake. Neema ndiye kabisa. Shangazi yake alijitolea haraka mno, tukamkatalia. Eliya akatoa hoja kwamba katika ukwe familia husema kwa kinywa cha msemaji, kwa hiyo na kupiga kupitie kwake. Wazee wa upande wa pili wakanong'onezana, wakaona ina mantiki.

Kilichobaki ni betri. Betri ilikuwa mahali pake, kifuani, ndani ya nguo, tangu asubuhi. Ilibidi Zakaria asimame mbele yangu atandaze koti lake kama pazia, mkwe atazame ukutani, nami nigeuke niitoe. Hakuna mafunzo yanayokuandaa kwa hilo.

Mzee Byamungu akaenda kwenye mstari wa mbali. Akavua koti la sufi. Nikasema inatosha. Akavua koti la suti. Akavua sweta. Akabaki na shati jeupe, akatugeuzia mgongo, fimbo mbele, mikono juu yake. Niliona mabega yake yakipanda. Nikajua kwamba mwili ule unakumbuka kitu ambacho akili yake ilikuwa ikijaribu kukilazimisha kinyamaze, kwa ajili ya mtoto wake. Neema alinishika mkono akaubana mpaka nikaumia. Niliomba. Niliombea gia ya katikati kwa jina.

"Baba yetu," Eliya akaanza, "kwa heshima na taadhima, sisi upande wa binti..."

"Piga!" akasema mzee.

Eliya akavuta. Tik.

Mzee hakusogea. Akangoja. Akaendelea kungoja.

"Itakuja saa ngapi?" akauliza.

"Imekwisha kukupiga, baba," nikamwambia. "Katikati ya mgongo."

Akageuka polepole. Akatafuta sakafuni, akakiona kidonge karibu na kiatu chake, akainama akakiokota, akakiweka kwenye kiganja akakigeuzageuza. Akatembea mpaka kwenye meza yangu, akavua miwani ile ingawa hairuhusiwi, na sikumkemea.

"Mama Neema," akasema, "kama weye njo ungetengeneza zote za kwetu kule..." Akaanza upya. "Bibi yangu angekuwa hapa leo. Angevaa hii kitenge."

Nililia mbele ya mkwe, jambo lisilofanywa. Zakaria akajifanya anatafuta kitu kwenye koti. Neema akaniachia mkono wangu, akaenda akapiga magoti mbele ya mzee, sakafuni, kwenye vidonge vya watu, hakuna aliyemfundisha. Mzee akaweka mkono juu ya kichwa chake akauacha pale.

Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akavaa sweta lake, na akamgeukia Eliya aliyekuwa bado ameishika bunduki kama mtoto mchanga.

"Bon, musemaji," akasema. "Weka iyo kitu chini. Sasa tuongee ngombe."